Gauni Linalofungwa Nyuma

Mguu wangu wa kushoto una shimo chini ya goti. Ukiweka kidole gumba kinazama nusu. Haliumi tena. Watoto wa majirani hupenda kulichungulia nami huwaachia walichungulie, kwa sababu kuna wakati hata mimi mwenyewe sikuweza kulitazama.

Nimekaa kuandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui. Leo amelazwa chumba cha peke yake, na kila anayeingia kumwona amejifunika nguo kutoka shingoni hadi chini ya magoti, mikono imo ndani ya glavu. Naye anageukia ukutani na kujiambia kwamba basi, amekuwa uchafu. Mimi nilijiambia hivyo hivyo. Nilikosea, na kosa lenyewe halikuishia kwangu. Nitalisimulia lote, hata pale ninapoona aibu. Darasa la saba ndipo nilipoishia, herufi zangu anazisahihisha binti yangu Mwanaidi, lakini maneno ni yangu.

Mimi ni mtu wa Mazinde. Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akazeekea hapa na kuzikwa hapa. Mume wangu, Baba Mwanaidi, ni Mzigua wa Handeni, mtu wa utani ambaye hata akija kuazima jembe lazima kwanza akuchekeshe. Tunalima mahindi na maharage. Mkonge hatulimi, lakini umetuzunguka pande zote, tumezaliwa tukaukuta, na kuchomwa na mwiba wake kwetu si habari. Hakuna mtu Mazinde asiye na alama yake.

Ndiyo maana mwisho wa kiangazi kile, nilipokuwa nikivuta gogo la kuni kinyumenyume na ncha ya jani la mkonge ikaniingia kwenye muundi, sikushtuka. Nilichomoa mwiba, nikapangusa damu kwa kanga, nikajitwisha kuni zangu nikaenda kupika. Sikujua kwamba kipande kimebaki ndani.

Baada ya wiki mguu ukaanza kuwaka moto. Nikaukanda kwa maji ya chumvi. Nikabandika majani. Zahanati wakanipa vidonge, nikameza nusu na kuacha nilipopata nafuu, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, dawa iliyobaki unaiweka juu ya kabati kwa ajili ya siku nyingine. Mvua za kwanza za vuli ziliponyesha wenzangu walikuwa shambani wanapanda, mimi niko kibarazani, siwezi kukanyaga. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Halafu ukapasuka wenyewe.

Usaha una harufu yake, aliyewahi kuusikia anaijua. Siku tuliyofika hospitali kubwa, ambayo jina lake nitaliacha, tulikaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Lilikuwa benchi refu limejaa watu. Kila nilipoinua macho niliona pembeni yangu nafasi imeongezeka. Mmoja alikwenda kunywa maji hakurudi, mwingine akakumbuka kwamba simu yake haina mtandao pale. Mwishowe benchi lote likabaki letu sisi wawili, na mume wangu akajinyoosha akasema leo tumekuwa wakubwa, tumepewa benchi zima. Nilicheka. Lakini moyoni kuna kitu kilijikunja siku ile, na kilichukua muda mrefu kujikunjua.

Walinipeleka chumba cha upasuaji, wakatoa kipande cha mwiba kirefu kama njiti ya kiberiti. Dokta akasema mfupa umeanza kuoza, wamekwangua palipooza. Nilikaa wadini wiki tatu, nikarudi nyumbani. Kabla vuli haijakatika kidonda kikafunguka tena, kikatoa usaha kuliko mwanzo. Tukarudi. Safari hii dokta alikaa kwenye kiti, na nimejifunza kwamba dokta akikaa kwenye kiti ujue ana jambo. Alisema watajaribu tena kusafisha, na watachukua usaha waupeleke maabara wakauoteshe, wajue ni mdudu gani na anakufa kwa dawa gani. Wasipopata dawa, mguu itabidi ukatwe juu ya goti.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa adabu kabisa kama huo usaha wakishauotesha wanautilia na mbolea. Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, juu ya goti.

Kilichoota kilikuwa mdudu sugu. Dawa karibu zote anazijua, hazimtishi. Siku hiyo hiyo nikahamishwa kutoka wadi ya wanawake nikapelekwa chumba cha mwisho kwenye korido, cha kitanda kimoja. Nje ya mlango wakapigilia misumari miwili, wakatundika magauni mawili ya kijani, na chini yake ndoo ya maji yenye bomba na sabuni. Muuguzi aliyenihudumia, Sista Upendo, akanieleza kwamba tangu leo yeyote anayeingia avae gauni na glavu, na akitoka avivue pale pale na kunawa. Hata yeye. Hata dokta. Hata mume wangu.

Alieleza na sababu, lakini sikuzisikia. Nilikuwa natazama jinsi alivyojifunga lile gauni. Linafunika mbele kote, mgongo wazi, na kamba zake zinafungwa nyuma, shingoni na kiunoni. Anayelivaa lazima ampe mwenzake mgongo amfunge. Nikawaza, watu wanasaidiana kujifunga ili wasinifikie.

Januari ilikuwa na joto. Kule ndani nilikuwa kama mwali aliyewekwa ndani, tofauti ni kwamba mwali anapakwa mafuta na kufundwa, na siku yake ya kutoka inajulikana. Mimi siku yangu haikujulikana. Nikakonda mpaka bangili ikapanda kwenye kiwiko. Nywele zikawa zinabaki kwenye mto. Mguu wenyewe ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, na katikati ya wembamba huo kidonda chekundu chenye mdomo. Siku nne za kwanza zilipita hakuna ngozi ya mtu iliyonigusa. Glavu tu.

Siku ya tano akaja mume wangu kutoka Mazinde. Sista Upendo alikuwa amempigia simu akamwambia, mzee, ukija kumwona mama sasa hivi gauni ni lazima. Basi yeye akafungua sanduku langu, akachagua gauni langu la Idi, lile la zambarau lenye nakshi kifuani, akalikunja vizuri akalitia kwenye mfuko. Hivyo ndivyo alivyoelewa. Kwamba hospitali wanataka mkewe avae gauni.

Alifika mlangoni nikamwona amevalishwa la kijani. Yeye ni mrefu, lilimwishia magotini, mikono imetokeza, na mkononi ameshika mfuko wenye gauni langu la zambarau. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua amekosea wapi. Leo nikikumbuka nacheka mpaka machozi yananitoka. Siku ile machozi yalitoka bila kicheko.

"Hata wewe?" nikamwambia.

Alisimama pale pale. Akaanza kunieleza habari ya simu, nikamkatisha.

"Livue. Kama unaniogopa, usije tena."

Nataka msomaji aelewe. Hayo ni maneno yangu mimi, nilimwambia mimi, yeye hakuyatoa kichwani mwake. Alipeleka mikono nyuma akatafuta fundo, hakulifikia. Akavuta, kamba ya kiunoni ikakatika. Akalitundika gauni kwenye msumari, akarudi na shati lake, akakaa kitandani, akaupakata mguu wangu na bendeji yake yote. Alikuwa ananipapasa kisigino kwa kiganja chake kikavu chenye sugu za jembe. Nikalala usingizi ambao sikuupata tangu vuli.

Tangu siku ile ikawa ndiyo kawaida yetu. Alikuwa amefikia kwa ndugu yake mjini Korogwe, na kila siku saa za kuona wagonjwa alikuja, anachungulia korido, anaingia na shati lake. Sista Upendo alipomkuta alimsema, tena kwa ukali. Mume wangu akajibu kwamba magauni amenunua mengi maishani, yote ya kuvaa mkewe, yeye mwanaume mzima avae gauni watu wa Handeni wakisikia atawaambia nini. Wauguzi walicheka, wakasikitika, wakamwona mshamba. Wakampa jina, mzee asiyevaa gauni. Akalipokea jina lile siku zote hizo, na hata siku moja hakusema kwamba ni mimi niliyemwambia avue.

Binti yangu Mwanaidi yeye alivaa. Alikuja mara tatu kwa wiki kutoka Mazinde, anavaa gauni, anavaa glavu, anafunga kamba zote. Ndiye aliyenisafisha, akanisuka, akabadilisha shuka, mambo ambayo baba yake asingeyaweza. Nami nilimlipa kwa maneno. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kumwonea mama yake kinyaa. Nilimwambia nilipomzaa sikuvaa glavu. Aliendelea na kazi yake. Siku moja tu, ameinama ananisugua mgongo, alinijibu bila kuinua uso.

"Mama, nikivua nitaogopa kukugusa. Nikivaa siogopi."

Nikasema moyoni, ona mtoto alivyokosa adabu. Nilikaa na sentensi hiyo miezi mitano ndipo nikaielewa.

Sasa nieleze kuhusu Bibi Hadija. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Mnyuzi, ameanguka kwenye pikipiki akavunjika paja. Alikuwa amepasuliwa na kutiwa chuma, amelazwa wadi ya wanawake, kitanda cha pili ukitoka mlangoni. Kutoka chumbani kwangu kwenda nje lazima upite pale. Na kwetu mtu hapiti wagonjwa kama anapita miti. Ukienda hospitali kumwona wako, unawapitia na wengine, unatoa shikamoo, unawapa mkono, unasema pole, unauliza wametokea wapi. Asiyefanya hivyo tunamwona hana utu.

Mume wangu utu anao. Alinihadithia habari za huyo bibi kila siku. Kwamba wanawe wako mbali hawajafika. Kwamba chakula kinaletwa kinawekwa kwenye meza na yeye hawezi kujiinua. Kwa hiyo akitoka kwangu anampitia, anampa mkono, anamwinua kwa kumshika mgongoni, anamtengenezea mto, anaweka sawa mguu, anamshikia kikombe cha uji mpaka amalize. Nilijivuna. Nilimwambia na kesho asiache kumpitia.

Ikapita wiki moja na zaidi. Asubuhi moja Sista Upendo alikuja kunifunga kidonda. Alipomaliza akasimama pale na glavu zake mikononi. Akasema mshono wa Bibi Hadija umefunguka. Wameotesha usaha wake, kimeota kile kile cha kwangu. Anahamishiwa chumba cha pili kutoka changu, naye atatundikiwa magauni. Kisha akaniuliza baba akitoka humu ndani huwa anapitia wapi.

Nikasema sijui.

Hakunibishia. Akanieleza upya zile sababu ambazo sikuzisikia siku ya kwanza, na safari hii nilizisikia zote.

"Mama Mwanaidi, gauni hili silivai kwa kukuogopa. Nikitoka kwako nakwenda kwa mwenye mshono mbichi. Nisipoliacha hapo mlangoni, nakwenda nawe."

Nilimuuliza kama ni hakika kwamba mdudu ametoka kwangu. Akasema hakuna anayeweza kuapa, huenda ni mtu mwingine, huenda ni mikono ya wauguzi wenyewe siku moja waliyozidiwa na kazi. Alikuwa mkweli, na angeweza kunitupia lawama zote. Lakini mimi nilijua yaliyokuwa yakifanyika. Nilijua kiganja kile kilichonipapasa kisigino kilikwenda wapi baada ya pale.

Mume wangu alipofika nilimzuia kwa mkono asivuke kizingiti. Nikamweleza nikiwa kitandani, yeye akiwa nje. Alichuchumaa pale pale koridoni, mgongo umeegemea ukuta, kofia yake mikononi. Baadaye akainuka akaenda kwa Sista Upendo. Nilisikia sauti yake. Alisema makosa ni yake, ni ukaidi wake wa kishamba, amwombee msamaha kwa dokta na kwa yule bibi. Nami nilikuwa nasikia yote, mlango uko wazi, nikanyamaza. Akarudi akachukua gauni msumarini, akampa sista mgongo, akafungwa.

Kuanzia siku hiyo hakuingia bila gauni. Aliniletea uji, akanishika mkono kwa glavu, na nikagundua kitu ambacho ningeweza kukigundua mapema kama si kiburi. Joto la mkono linapita kwenye glavu. Uzito wa mkono ni ule ule.

Masika ilipoanza walipata dawa moja ambayo mdudu yule alikuwa hajaizoea. Dripu mara tatu kwa siku, wiki sita. Mishipa ya mikono ikagoma, wakahamia miguuni, halafu shingoni. Nilihesabu siku kwa dripu na kwa sauti ya mvua juu ya bati. Nilitapika, nikawa nasikia masikio yananiimbia. Lakini kidonda kikaanza kuwa chekundu cha nyama safi, kisha kikaanza kujivuta kutoka pembeni. Wakaotesha tena, hapakuota kitu. Wakarudia, hapakuota. Dokta akaja, hakukaa kwenye kiti, akasema akiwa amesimama kwamba mguu ni wangu, niondoke nao.

Siku ya kuondoka nilipita mbele ya chumba cha pili nikiwa kwenye magongo. Mlango ulikuwa umerudishwa, magauni mawili yananing'inia. Nilisimama hapo kidogo. Nikasikia mtu ndani anakohoa. Nikaondoka.

Tulikwenda Handeni, kwa wazazi wa mume wangu, nipumzike nisije nikajitia shambani. Walinitunza vizuri sana. Mahindi yalikuwa yanachomwa kila jioni, na mimi kila nikinyoosha mguu kwenye mkeka nawaza mguu wa mtu mwingine. Mume wangu alikuwa akienda Korogwe anampitia yule bibi, amevaa gauni lake, na akirudi hanifichi. Wametoa chuma. Wamesafisha mara mbili. Wameshamwambia maneno yale yale, kwamba ikishindikana utakatwa. Ana miaka sabini na kitu, na mguu ndio anaokwenda nao shambani.

Ndipo jioni moja Mwanaidi ananipaka mafuta kwenye kovu, mikono mitupu, nikakumbuka jibu lake. Nikamwomba msamaha. Akaniambia yamekwisha, mama. Nikamwambia kuna mtu mwingine ambaye kwake hayajaisha.

Siku ya kliniki nilimaliza mambo yangu kwa dokta, nikamwambia mume wangu twende chumba cha pili. Aliniuliza nina hakika. Nikamwambia sina.

Moja ya yale magauni lilikuwa na kamba ya kiunoni iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Nikaligeuza nikalitambua, ndilo mume wangu alilolikata kamba. Mshono ulikuwa wa Mwanaidi, alilishona siku zile zile, wala hakutuambia. Nikalivaa. Nikamgeuzia mume wangu mgongo, akanifunga shingoni, akanifunga kiunoni, kisha akageuka nami nikamfunga lake. Fundo langu la kwanza lilikaa ovyo, ikabidi nilifungue na kufunga upya.

Bibi Hadija alikuwa ameelekea ukutani. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kugeuka. Nikajitambulisha kuwa mimi ndiye mke wa yule anayekuja kumpa uji, niliyelazwa chumba cha mwisho.

"Na nyie mmevaa hayo?" akauuliza ukuta.

Maneno niliyoyapanga tangu Handeni nikayaacha. Nikamwambia tu ilivyokuwa. Kwamba mume wangu alifika siku ya kwanza amelivaa, na mimi nikamlazimisha alivue. Kwamba kusema eti mwanaume havai gauni ilikuwa kunisitiri mimi. Kwamba sista aliniuliza nikasema sijui, na nilikuwa najua. Kwamba dokta hawezi kuapa lakini mimi moyo wangu umeapa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na asiponipa sitamlaumu. Nyuma yangu mume wangu alisema taratibu, basi mama, inatosha. Nikamwambia haitoshi.

Bibi akajigeuza, kidogo kidogo, kwa maumivu, mpaka nikauona uso wake. Ulikuwa uso wangu wa Januari. Alinitazama kutoka shingoni mpaka magotini.

"Ulimwambia avue kwa sababu hukuguswa?"

"Ndiyo, bibi."

"Siku ngapi?"

"Nne."

Akatikisa kichwa. Akasema watoto wake walichelewa siku tisa, na siku hizo tisa mkono uliomwinua ulikuwa mmoja, wa huyo mume wangu. Kama mdudu aliingia na mkono huo, basi na uji uliingia nao, na yeye hajui autenganishe vipi. Akasema hasira anayo, asinidanganye, na kuna siku ataniwazia vibaya. Hilo nilimshukuru, maana lilikuwa la kweli.

Nilikuwa nalia. Nikawaza labda nimpe kile nilichokitaka mimi siku zile, nikasahau yote niliyojifunza, nikapeleka mkono kuvua glavu ili nimshike. Akauona mkono wangu.

"Mimi usinivulie," akasema. "Sogea hivyo hivyo."

Nikasogea. Mume wangu akapita upande wa pili wa kitanda, akamshika mgongoni, tukamwinua pamoja, magauni yetu yakikwaruzana. Bibi akamtazama mume wangu, gauni limemwishia magotini, akasema huyu mwali wako mrefu, nani atamwoa. Mume wangu akajibu ameshaolewa, tena kwa mahari ndogo. Bibi akacheka, akashika ubavu, akaomba uji.

Naandika haya vuli nyingine imeanza. Mguu wa Bibi Hadija haujakatwa. Kidonda chake kimepungua, hakijafunga, na dokta bado anakaa kwenye kiti akizungumza naye. Sijui mwisho wake. Ninachojua ni kwamba kila kliniki tunakwenda, na yeye siku hizi akisikia fimbo yangu koridoni anageuka mwenyewe kutoka ukutani kabla sijafika. Nami nasimama mbele ya mlango wake, nachukua lile la uzi mweupe, namgeuzia mume wangu mgongo na kumwambia afunge vizuri.